UZI: "Worship" ya Michael W. Smith (2001), kwa nini albamu hii haichuji?

#1 Mkesha

Wakuu, salaam.

Juzi usiku nilikuwa nakunja nguo, nikaona niweke albamu ya "Worship" ya Michael W. Smith, yule mwimbaji wa nyimbo za Kikristo wa Marekani, kuanzia wimbo wa kwanza bila kuruka hata mmoja. Ni miaka mingi sijafanya hivyo. Kufika katikati nguo nimeziacha, nimekaa sakafuni, machozi yananitoka na sijui yametokea wapi. Hii albamu ni ya 2001! Sauti za vinanda zake ni za enzi zile kabisa. Tangu hapo zimetoka albamu za kuabudu zenye mitambo bora mara kumi, na nyingi nilizozipenda sana sizikumbuki tena.

Dai langu ni hili, mnipinge mkitaka. Siri ya albamu ile ni watu waliokuwa ukumbini. Ilirekodiwa mubashara kanisani, Carpenter's Home Church, Lakeland, Florida. Kila anapofika pazito, Smith anarudi nyuma na kuwaachia watu waimbe. Albamu nyingine za mubashara zinawatumia watu kwa makofi ya mwanzo na vigelegele vya mwisho. Humu watu ndio mwimbaji kiongozi, yeye anawafuata.

Nyie mnasemaje?

#2 Sauti ya Tatu

Mkesha umenigusa, nimeirudia leo asubuhi kwa ajili yako.

Naunga mkono nusu. Usisahau kwamba waliosimama nyuma yake kuitikia hawakuwa kwaya ya kuokoteza. Ni wasanii wenzake, watu wenye albamu zao wenyewe, Amy Grant akiwemo. Sasa wasiojua historia: Smith alianza kwa kumpigia kinanda huyohuyo Amy Grant, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla hajatoa albamu yake ya kwanza mwaka 1983. Yaani dada aliyekuwa mbele enzi zile, safari hii amekaa mstari wa waitikiaji na hakuna anayemwona. Kwangu mimi hapo ndipo uzito ulipo. Unaposikia ile kwaya, unasikia watu ambao kila mmoja angeweza kushika maiki ya mbele, na hakuna aliyeitaka.

#3 Mlinzi wa Zamu

Jibu lipo kwenye tarehe. Albamu ilitoka 11 Septemba 2001. Siku ileile ya majengo ya New York. Watu walikuwa wamevunjika, wakahitaji kitu cha kushika, na hicho kitu kilikuwa kimewekwa tayari madukani asubuhi yake. Mungu huandaa dawa kabla ya ugonjwa. Mengine yote ni nyongeza.

#4 Chipukizi wa Gitaa

Shukrani kwa uzi. Wimbo wangu humo ni "The Heart of Worship". Nilisoma kwamba Smith aliuandika baada ya kanisa lake kuzima vyombo vyote wakabaki na sauti tupu. Ndiyo maana anajua kuwaachia watu, alishapita hapo mwenyewe.

#5 Hesabu za Jumanne

Mlinzi wa Zamu, nakuheshimu ila hapo punguza. 11 Septemba 2001 ilikuwa Jumanne, na Marekani enzi hizo albamu mpya zilitoka Jumanne. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa wiki zote, hadi 2015 walipohamia Ijumaa. Siku hiyohiyo ilitoka "The Blueprint" ya Jay-Z na "Love and Theft" ya Bob Dylan. Ukisema tarehe ndiyo iliyoipa albamu ya Smith uhai, basi utueleze na hizo mbili nazo zilikuwa dawa ya nini.

#6 Binti Zaburi

Chipukizi, nikusahihishe kwa upendo. "The Heart of Worship" ni wa Matt Redman, Mwingereza. Habari uliyosoma ni ya kweli ila mwenyewe ni yeye: kanisa lao la Watford, mchungaji aliona watu wamekuwa wasikilizaji wa bendi, akaondoa vyombo na mitambo kwa kipindi. Ukimya ule mwanzo uliwatesa. Baadaye watu wakaanza kuimba kwa midomo yao wenyewe, na Redman akaandika alichokiona.

Nimefurahi umeutaja, kwa sababu unanipeleka kwenye maelezo yangu. Angalieni nyimbo zenyewe zimetoka wapi. "Forever" ni wa Chris Tomlin. "Open the Eyes of My Heart" ni wa Paul Baloche. "Above All" ni wa Baloche na Lenny LeBlanc. "Breathe" ni wa Marie Barnett. "Draw Me Close" ni wa Kelly Carpenter. "Awesome God" ni wa Rich Mullins, wa mwaka 1988, na Mullins mwenyewe alishafariki kwa ajali ya gari mwaka 1997. Smith ni mtunzi hodari, ana nyimbo zake kwa makumi, na kwenye albamu hii akazifungia kabatini karibu zote, akachukua pambio ambazo makanisa yalikuwa tayari yanaziimba.

Kwa hiyo Mkesha, hao watu unaowasikia wanaimba kwa nguvu hivyo kwa sababu nyimbo zilikuwa zao kabla hazijawa zake. Huwezi kuachia maiki kwa watu wasioujua wimbo.

#7 Chipukizi wa Gitaa

Nimekubali, nimesahihishwa. Ila hoja yangu ya ukimya ibaki!

#8 Mlinzi wa Zamu

Hesabu za Jumanne, hujanisoma vizuri. Sikusema tarehe ilifanya muziki uwe mzuri. Nimesema tarehe iliukutanisha muziki na uhitaji. Hizo albamu mbili ulizotaja, mtu aliyefiwa angezifanyia nini? Hakuna anayekwenda msibani na wimbo wowote tu. Na Smith mwenyewe aliguswa na siku ile: albamu iliyofuata, "Worship Again" ya 2002, ina wimbo mpya kuhusu bendera iliyosimama kwenye kifusi.

#9 Mkesha

Mlinzi, nakuelewa. Lakini mimi niliisikia mara ya kwanza 2009, kwenye CD iliyochakaa ya rafiki, wala sikujua ilitoka siku gani. Mbona ilinishika vilevile?

#10 Mlinzi wa Zamu

Kwani 2009 ulikuwa huna kilichovunjika?

#11 Mkesha

Hapo umenipata. Nilikuwa nacho.

#12 Fundi Mitambo

Habari za humu. Mimi nakaa nyuma ya miksa kila wiki, niwape upande ambao hamuuoni.

Mkesha anasema watu wanasikika sana. Kweli. Ila watu kusikika kwenye rekodi si jambo la kupandisha kitufe. Maiki za ukumbini zinanasa vyote: waimbaji, spika kubwa, mwangwi wa paa, mtu anayekohoa. Ukizipandisha wakati bendi inapiga, dramu zinasikika mara mbili, mara moja kutoka jukwaani na mara ya pili zimechelewa kidogo kutoka ukumbini. Maneno yanakuwa uji. Ndiyo maana mafundi wengi tunazishusha, na kwaya ya watu elfu inakuja kusikika kama mvua ya mbali.

Dawa ni moja tu: vyombo vinyamaze. Dramu zikikaa kimya, gitaa la besi likakaa kimya, kikabaki kinanda chepesi au kisibaki kitu, hapo fundi anaweza kupandisha maiki za ukumbini hadi mwisho na sauti ikatoka safi. Kwa hiyo uamuzi ule ulifanyika mapema, kwenye mpangilio wa vyombo, kabla mtu yeyote hajagusa miksa. Kuna mtu alikaa chini akapanga: hapa sote tunanyamaza. Bendi nyingi haziwezi. Wapiga dramu hasa, mtu ameshika fimbo mikononi halafu umwambie akae dakika nzima hivihivi!

#13 Fimbo Mbili

Fundi Mitambo wapiga dramu tumekukosea nini? 😀 Wenye kunyima watu nafasi ni wapiga kinanda. Kiongozi akisali, kinanda kinasali. Tukiimba, kinanda kinaimba. Hata matangazo yanapigiwa kinanda.

#14 Kinanda cha Mwisho

Nimeitwa, nimekuja.

Fimbo Mbili, huyo Smith unayemsifia ni mpiga kinanda, kwa hiyo heshima kidogo. Na mimi nina maelezo ya tano au ya sita, nimepoteza hesabu. Kabla ya "Worship" Smith alitoa "Freedom", mwaka 2000. Wangapi humu wanaijua? Ni albamu ya ala tupu, haina mwimbaji. Mtu ametoka kutengeneza albamu nzima ambayo hisia zote zinabebwa na ala bila neno hata moja. Mwaka uliofuata anaingia kwenye kuabudu. Lazima alikuja na sikio tofauti. Alishajua wimbo unaweza kusimama bila sauti yake. Kwa kiongozi wa ibada huo ni ujasiri mgumu kuupata, kwa sababu tukinyamaza tunahisi ibada inatuponyoka mikononi.

Jambo la pili ni viwango vya sauti. Nimezipiga nyimbo zile ibadani kwa miaka. Nyingi zinatembea taratibu, noti jirani kwa jirani, hazirukiruki. Mtu asiyejua muziki anaweza kukisia noti inayofuata na akapatia. Siku hizi tunaimba nyimbo ambazo ubeti uko chini mno kwa akina mama na kiitikio kinapanda ngazi nzima, akina baba wanabaki kutazama. Halafu tunauliza kwa nini watu hawaimbi.

#15 Mzee wa Tenzi

Bwana asifiwe wapendwa.

Nimesoma kimya kimya tangu jana. Mimi si mtu wa pambio, nimekulia kwenye kitabu cha nyimbo chenye beti nne na sauti nne. Albamu hii aliniletea mwanangu, nikaikataa wiki ya kwanza. Kilichonigeuza ni "Turn Your Eyes Upon Jesus". Huo si wimbo wa juzi. Aliutunga Helen Lemmel, ukaingia kwenye kitabu cha nyimbo mwaka 1922, na wazo alilitoa kwenye kijikaratasi cha Lilias Trotter, mwanamke Mwingereza aliyekuwa na kipaji kikubwa cha uchoraji, akakiweka kando akaenda kuwa mmisionari Algeria. Mfikirie mama huyo. Aliambiwa angeweza kuwa mchoraji mkubwa, akageuza macho. Kisha maneno yake yakawa wimbo unaosema geuza macho.

Nilipousikia katikati ya zile nyimbo za vijana, nikaelewa aliyepanga albamu hii hakuwa anatafuta vipya. Alikuwa anatafuta vinavyoimbika. Lakini niseme na lililo moyoni: baadhi ya nyimbo zile zina maneno machache mno. Unarudia mara kumi kitu ambacho utenzi ungekisema mara moja ukaendelea.

#16 Binti Zaburi

Shikamoo Mzee. Kwa heshima, Zaburi ya 136 ina mistari 26 na kila mmoja unaishia na maneno yaleyale kuhusu fadhili za milele. Na ndiyo hiyohiyo Chris Tomlin aliyoijengea "Forever". Kurudia hakukuanza na vijana.

#17 Mzee wa Tenzi

Marahaba binti. Ni kweli, lakini nusu ya kwanza ya kila mstari inabadilika. Mara jua, mara mwezi, mara Farao. Unarudia jibu, hurudii swali. Nipe hiyo kwenye pambio zako na mimi nitanyamaza.

#18 Sauti ya Tatu

Mzee umesema jambo la kuandikwa ukutani. Ila "Agnus Dei" utaiwekaje? Jina ni la Kilatini, maana yake Mwanakondoo wa Mungu, na maneno yote yanaenea kiganjani. Hayakuokotwa lakini: Haleluya ya Ufunuo 19:6, Mtakatifu ya Ufunuo 4:8, na kustahili kwa Mwanakondoo kwa Ufunuo 5:12. Na wale wenye uhai wanne wa sura ya 4 hawapumziki mchana wala usiku, wanarudia hilohilo. Kama kurudia ni kosa, limefika mbali.

Tena huu ni wa Smith mwenyewe, na haukuwa mpya. Ulikuwa kwenye "Go West Young Man" ya 1990. Miaka kumi na moja baadaye akaurudisha mbele ya umati, na wengi wetu tunaamini ulizaliwa siku ile.

#19 Mwana wa Pekee

Nimejiunga leo ili niandike hapa, mnisamehe kama narefusha.

Mama yangu alipooza upande mmoja, maneno yakaondoka. Alikuwa anajua anachotaka kusema na hakitoki, analia kwa hasira. Nilikuwa namwekea albamu hii jioni nikimbadilisha mashuka, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye simu, sikuwa na mpango wowote. Siku moja ilipofika "Agnus Dei" nikasikia sauti nyuma yangu. Mama anaimba Haleluya. Imenyooka, na noti zenyewe. Nilimwita muuguzi nikidhani amepona. Akanieleza kwamba inatokea, mtu aliyepoteza usemi kuweza kuimba, kwa sababu nyimbo na mazungumzo havipiti njia moja kichwani.

Hakupona. Aliimba vile karibu kila jioni kwa miezi minne.

Mzee wa Tenzi, utenzi wa beti nne asingeuweza. Neno moja aliliweza. Sisemi ili kushinda mjadala. Nimetaka tu ujue.

#20 Mzee wa Tenzi

Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Pole sana. Nimelipokea.

#21 Mkesha

Mwana wa Pekee, asante kwa kujiunga. Pole sana.

#22 Tuzo na Takwimu

Poleni. Naomba niongeze tu kwamba albamu hii ilipata Grammy, kwa hiyo ubora wake ulitambuliwa na wasio wa kanisani pia.

#23 Hesabu za Jumanne

Iliyopata Grammy ni ya pili, "Worship Again", tuzo za 2004, kundi la albamu ya injili ya kisasa. Watu wanazichanganya kila siku. Na hilo nalo ni swali: yenye tuzo ni ya pili, inayoliza watu ni ya kwanza. Nani humu anakesha na "Worship Again"?

#24 Fimbo Mbili

Mimi! Ina dramu.

#25 Msikilizaji wa Pembeni

Nitasema lisilopendwa. Je, si kwamba tuliisikia tukiwa wachanga kwenye imani? Kila mtu humu anaisifu albamu iliyomkuta akiwa amevunjika au ameokoka juzi. Mdogo wangu ana miaka 19, nimempa aisikilize, kasema "nzuri" akarudi kwenye zake. Zake nazo zinamliza. Miaka ishirini ijayo atafungua uzi kama huu.

Na machozi, ndugu zangu, tuwe waangalifu. Kinanda kikishikilia noti moja huku kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) zinabadilika chini yake, mwili unaitikia, uwe unaabudu au huabudu. Watengeneza filamu wanalijua hilo.

#26 Kinanda cha Mwisho

Msikilizaji, la noti moja ni kweli, nalitumia kila wiki. Lakini hata mkate unamwingia mwilini anayeshukuru na asiyeshukuru. Mwili kuitikia hakufuti ibada. Tulipewa mwili ili uitikie.

#27 Sauti ya Tatu

Niulize la vitendo. Kuna aliyefanikiwa kuimba "Agnus Dei" kwa Kiswahili? Kwetu tunakwama kila mara. Haleluya haina shida. Shida ni "Mtakatifu". Kwa Kiingereza pale kuna silabi mbili, yetu ina tano: m-ta-ka-ti-fu. Na mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "ti" lazima iangukie kwenye pigo zito. Tukiibana, "Mtaka" inamezwa inabaki "tifu", unasikia kanisa zima linaimba "tifu, tifu".

#28 Binti Zaburi

Hahaha, "tifu tifu" ipo kila mahali! Sisi tulianza "M-ta-ka" kabla ya pigo, kama mtu anayevuta pumzi, halafu "ti" ndiyo ikashuka na pigo. Inataka mazoezi lakini inakaa. "Wastahili" nayo ifanyeni hivyohivyo, "hi" ndiyo ibebe.

#29 Mzee wa Tenzi

Au mtumie maneno yenye silabi mbili. Bwana, Mungu, Yesu. Yote yana mkazo mwanzoni, yatakaa pale kama yamepimwa. Wafasiri wa tenzi za zamani walilijua hili, ndiyo maana "Bwana" limejaa kila ukurasa.

#30 Fundi Mitambo

Mzee umetoka kupinga maneno machache, sasa unayapunguza? 😀

#31 Mzee wa Tenzi

Nimejifunza kwa #19.

#32 Sauti ya Tatu

Wakuu nimerudi na mrejesho. Jana mazoezini tulijaribu vyote viwili. Ya Binti ilishika baada ya kuirudia mara nne. Ya Mzee ilishika papo hapo, lakini waimbaji wawili walilalamika kwamba "Mtakatifu" likiondoka wimbo unakuwa mwingine.

Ila kilichotokea mwishoni ndicho kilichonileta. Kwa sababu ya maneno ya Fundi Mitambo nilimwambia mpiga dramu aweke fimbo chini, na mpiga kinanda aondoe mikono. Tukabaki na Haleluya tupu, watu tisa. Mzunguko wa tatu, kaka mmoja wa besi ambaye huwa hasikiki akaingia na sauti ya pili bila kuambiwa. Tukaendelea, sijui dakika ngapi.

Tatizo ni kwamba hatukujua namna ya kutoka. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudisha chombo, na kila nilipotaka kuashiria mwisho mtu mwingine alikuwa ameanza tena. Kinanda cha Mwisho, wewe unarudi vipi? Unaingia na kodi ya kwanza taratibu chini yao, au unawasubiri wanyamaze wenyewe?

#33 Kinanda cha Mwisho

Nawasubiri.

#34 Fimbo Mbili

Na wasiponyamaza?